Dawa Haimwonyeshi Asiyekuja: Juu ya Kuchagua na Kusafisha Filamu Nyeusi na Nyeupe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwasuta wavivu wanaolaumu mpini ilhali mvua imekwisha kunya na majirani wamekwisha kupanda. Mimi sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, iko kazi moja ambayo mchaguzi ndiye mkulima hasa, nayo ni kazi ya kupiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe. Mpigapicha wa filamu hufanya machaguo matatu kabla hajaona chochote. Kwanza huchagua filamu atakayoitia katika kamera. Pili, huchagua kiasi cha mwanga atakachoipa filamu hiyo. Tatu, huchagua dawa na muda wa kuisafisha. Baada ya hayo yote ndipo huona alichokitenda, na wakati huo majuto hayana faida. Katika insha hii nakusudia kuyaeleza machaguo hayo matatu jinsi nilivyoyajua, na kuonyesha kwamba kwetu sisi watu wa ngozi nyeusi mambo haya yanapita mipaka ya ufundi. Yanaamua ni nani atakayeonekana na ni nani atakayebaki kivuli.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini katika dawa za picha. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu tenzi zinazohifadhiwa kwa kumbukumbu mjini Mombasa. Mtafiti wa fasihi simulizi hufunzwa kunasa sauti. Hupewa kinasasauti, hununua daftari, huelekezwa namna ya kunukuu na kutafsiri. Uso wa msimulizi aghalabu huachiwa bahati. Picha hupigwa dakika ya mwisho, mtafiti akiwa amesimama mlangoni kuaga, jua likiwa nyuma ya mwenyeji wake. Tasnifu nyingi nilizozipekua maktabani zina picha za namna hiyo: ukuta mweupe unaong'aa na mbele yake umbo jeusi lililoandikiwa chini kwamba huyu ndiye malenga fulani. Nami nilitaka mwenyeji wangu aonekane.

Maadamu hili ni jarida la watu wa lugha, na tuanze na neno. Waswahili husema 'kusafisha picha'. Zamani mtu aliyepeleka filamu yake studioni aliambiwa arudi baada ya siku kadhaa kwa kuwa picha zilikuwa zinasafishwa. Neno hili hutufanya tufikiri kwamba picha imo mle ndani tangu awali, ila imefunikwa na uchafu, na kwamba kazi ya fundi ni kuuondoa uchafu huo. Je, ndivyo? Nusu ndivyo, nusu sivyo.

Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa jelatini. Ndani ya jelatini hiyo mna chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Fedha ninayoitaja hapa ni madini, si sarafu, ingawa bei ya filamu siku hizi hutukumbusha maana zote mbili. Mwanga ukizigusa chembe hizo, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, huziachia alama ambayo hakuna jicho liwezalo kuitambua. Picha imo, lakini haionekani. Hii ndiyo tunayoweza kuiita picha fiche. Dawa ya kwanza huzifuata chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza kuwa fedha halisi, ambayo ikiwa katika chembechembe ndogo kiasi hicho huonekana nyeusi. Chembe ambazo hazikuguswa huachwa jinsi zilivyo. Kisha huja dawa ya kukaza, ambayo huziyeyusha chembe hizo zilizoachwa na kuziondoa ili mwanga usije ukaziharibu baadaye. Mwanasayansi John Herschel alikuwa ameugundua uwezo huo wa kuyeyusha chumvi za fedha mnamo 1819, miaka 20 kabla ya sanaa ya picha kutangazwa rasmi mjini Paris mwaka wa 1839.

Kwa hivyo, dawa ya kwanza haisafishi chochote, huibua. Ya pili ndiyo isafishayo kwa maana halisi ya neno. Lugha yetu imelipa tendo zima jina la hatua yake ya mwisho. Silalamiki, kwani lugha ni ya wenyewe na neno limekwisha kukita mizizi. Napendekeza tu kwamba tunapoeleza kwa undani tuseme 'kuibua' kwa hatua ya kwanza na 'kukaza' kwa ya pili, huku tukiliacha 'kusafisha' libebe kazi nzima. Sababu yangu si upenzi wa istilahi. Anayeamini kwamba kazi ya dawa ni kusafisha ataamini pia kwamba dawa kali zaidi, au ya muda mrefu zaidi, itauondoa uchafu wowote na kutuonyesha chochote. Imani hiyo ni ya hatari.

Aliyegundua kwamba karatasi inayoonekana tupu inaweza kuibuliwa picha kwa dawa ni Mwingereza William Henry Fox Talbot, mnamo Septemba 1840. Mwaka huo wa 1840 ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa mwaka aliofariki Muyaka bin Haji kule Mombasa. Hatuna picha ya Muyaka. Tungo zake tunazo, na njia zilizoifuata kutufikia hunifanya nimkumbuke Talbot. Nyingi zilikaa katika vichwa vya watu wa Mombasa kwa takribani nusu karne, zisionwe na msomaji yeyote wa mbali, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzifafanua akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Hatimaye W. Hichens alizichapisha mwaka wa 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka. Kazi ya Mwalimu Sikujua ilikuwa kazi ya kuibua. Lakini beti ambazo hakuna aliyezitia moyoni siku zilipotungwa, beti hizo hakuna mkusanyaji wala mhariri aliyeweza kuziibua, hata angekuwa na bidii ya mchwa.

Kanuni hii niliijua kwa uchungu kupitia bahasha moja. Nyanya yangu alifariki mwaka wa 2019. Picha yake ya pekee ya ujanani ilipigwa mnamo 1978 katika studio ndogo ambayo haipo tena. Alikaa kwenye kigoda mbele ya shuka nyeupe, amevaa gauni la maua, mikono ameiweka magotini. Mikunjo ya shuka ile unaweza kuihesabu mmoja mmoja. Maua ya gauni yanaonekana vizuri. Uso ni giza. Tulipotaka kuikuza picha hiyo kwa ajili ya mazishi, kijana wa duka la picha aliiingiza katika kompyuta akaiongezea mwangaza. Uso ukatoka katika weusi ukawa wa rangi ya majivu, na ndani ya majivu hayo hamkuwa na pua wala mdomo. Shangazi yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kijana yule, alimwambia aache.

Siku chache baadaye tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu, tuliipata bahasha ya studio, na ndani yake mlikuwa na negativu. Niliiinua dirishani. Kama ijulikanavyo, katika negativu mambo hupinduka: cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Shuka ilikuwa nyeusi tititi, nzito kwa fedha. Mahali pa uso palikuwa peupe, pamekwangu kwangu kama kioo cha dirisha lenyewe. Niliweza kuona mti wa mwembe wa jirani kupitia uso wa nyanya.

Negativu hiyo ndiyo niliyoipeleka kwa mzee mmoja wa Majengo, Mombasa, ambaye aliwahi kuwa na studio na ambaye alikubali kunifunza kazi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye taa, akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa dawa haina kosa. Dawa haimwonyeshi mgeni asiyekuja." Alinieleza kwamba mikunjo ya shuka ni ushahidi kuwa filamu ilisafishwa barabara. Kilichokosekana ni mwanga. Aliyepiga picha alikadiria mwanga wa shuka, shuka ikapata haki yake, na uso uliokuwa mbele ya shuka haukupata kitu. Hapo ndipo nilipoyaelewa machaguo matatu, na hapo ndipo nilipoanza kuyafuatilia moja baada ya jingine.

Chaguo la kwanza ni filamu yenyewe. Kila filamu hubeba nambari inayoonyesha wepesi wake wa kuhisi mwanga. Kampuni ya Ilford ya Uingereza, kwa mfano, hutengeneza FP4 Plus ya 125 na HP5 Plus ya 400. Kodak ya Marekani ina Tri-X ya 400, ambayo kwa kamera za milimita 35 imekuwapo tangu 1954. Nambari ikiongezeka maradufu, hitaji la mwanga hupungua kwa nusu. Filamu ya nambari ndogo ina chembe laini na hutoa picha nyororo, lakini hudai mwanga mwingi. Ya nambari kubwa ina chembe zinazoonekana zaidi picha ikikuzwa, lakini hustahimili vyumba vyenye kiza. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe na vyumba virefu ambamo mwanga huingia kwa mlango na dirisha moja tu. Mle ndani, mwenye FP4 atalazimika kumwambia mzee wa miaka 80 asipumue. Nilichagua HP5.

Liko jambo jingine katika uchaguzi wa filamu ambalo wengi hulipuuza, nalo ni kwamba filamu hazina macho sawa. Filamu za kale zilihisi rangi ya samawati na kijani lakini hazikuiona nyekundu. Hizo huitwa filamu za othokromatiki. Zilizokuja baadaye, za pankromatiki, huona rangi zote. Ngozi yetu, iwe nyeusi ama ya maji ya kunde, hurudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa samawati. Filamu isiyoiona nyekundu huipoka ngozi hiyo sehemu kubwa ya mwanga wake na kuionyesha ikiwa nyeusi kuliko ilivyo. Filamu za aina hiyo zingali zinatengenezwa, nazo zina kazi yake. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu mara nyingi huwa na alama za wino mwekundu, na mbele ya filamu ya othokromatiki alama hizo hutokea nyeusi wazi, pasipo kufifia. Kwa hivyo, mtafiti anaweza kuitumia kunakilia mswada, ila mwenye mswada apigwe kwa pankromatiki.

Chaguo la pili ni mwanga, na hili ndilo lililo zito kuliko yote. Kipima mwanga, kiwe cha mkononi au cha ndani ya kamera, ni chombo kisichojua kinachopimwa. Kimefunzwa neno moja tu: kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukikielekeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kitakupa kipimo cha kuufanya ukuta huo uwe kijivu. Ukikielekeza kwenye buibui, kitakupa kipimo cha kulifanya buibui liwe kijivu. Sasa mfikirie mwanamke wa ngozi nyeusi, amevaa buibui, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa saa saba mchana. Kamera huona ukuta kwa kuwa ndio mwingi, hupunguza mwanga ili kuutuliza, na uso wa mwanamke huteremshwa hatua mbili au tatu hadi mahali ambapo filamu haishiki tena kitu. Ndivyo shuka ilivyomwondoa nyanya yangu.

Wapigapicha wana kanuni yao ya kale: toa mwanga kwa ajili ya weusi, safisha kwa ajili ya weupe. Ansel Adams na Fred Archer waliipangia kanuni hiyo madaraja kule California karibu na mwaka wa 1940, tangu weusi usio na kitu hadi weupe wa karatasi tupu. Katika madaraja hayo kijivu cha wastani ni la tano, na ngozi ya Mzungu kwa kawaida huwekwa la sita. Mwanafunzi anayeyakariri madaraja hayo bila kufikiri ataziweka nyuso zetu zisipostahili. Mzee wangu hakuwa na haja ya madaraja. Aliniambia nikisogeze kipima mwanga karibu na shavu, nikisome, kisha nipunguze hatua moja ikiwa mtu ni mweusi sana, au niache kilivyo ikiwa ni maji ya kunde. Hatua hiyo moja huufanya uso ubaki mweusi kama ulivyo, lakini weusi wenye habari ndani yake: mikunjo ya jicho, mng'ao wa paji, kivuli cha pua juu ya mdomo. "Na ukuta je?" nilimwuliza. Alisema ukuta ujitunze wenyewe. Filamu husamehe ziada ya mwanga kwa kiasi kikubwa, upungufu haiusamehi.

Wapo wanaosema kwamba filamu yenyewe ilibuniwa kwa ubaguzi. Kuhusu filamu za rangi, madai hayo yana mashiko. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilitumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, kuwa kielelezo cha rangi sahihi, na ngozi zisizofanana na yake zikapata taabu. Filamu nyeusi na nyeupe za pankromatiki haziwezi kulaumiwa vivyo hivyo. Uwezo wa kubeba weusi na weupe kwa pamoja zinao. Kinachobaki ni uamuzi wa aliyeshika kamera kuhusu mahali pa kupimia. Kwa hivyo, siwezi kuitupia mashine lawama yote. Aliyepima shuka mwaka wa 1978 alikuwa mtu, tena mtu mweusi kama mimi, na yumkini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uso ndio unaopimwa.

Mwenyeji wangu wa Mji wa Kale ni ajuza aliyejifunza tenzi kwa mama yake. Nilipomwomba ruhusa ya kumpiga picha, alicheka. "Mwanangu, picha zangu zimejaa katika simu za wajukuu," alisema. "Wao wananionyesha na mimi sijioni. Wanifanya mweupe kama maiti." Kweli, simu nyingi za leo huzing'arisha nyuso na kuzilainisha pasipo kuombwa. Nilimjibu, "Bi Mkubwa, mimi nataka nikupige ulivyo." Akanitazama kana kwamba anapima uzito wa ahadi hiyo, kisha akasogeza kiti chake karibu na dirisha bila kuelekezwa. Nilikisogeza kipima mwanga shavuni pake, nikapunguza hatua moja. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe na pazia la hudhurungi. Nilipiga picha 12, na kati ya picha moja na nyingine aliendelea kughani kwa sauti ya chini.

Chaguo la tatu ni dawa na muda. Hapa ndipo sehemu ya pili ya kanuni inapoingia: safisha kwa ajili ya weupe. Filamu inapotiwa dawani, sehemu zilizopata mwanga mdogo hukamilika mapema kwa kuwa hazina kingi cha kutoa. Sehemu zilizopata mwanga mwingi huendelea kujazana fedha kadiri muda unavyokwenda. Ukizidisha muda, ukuta utakuwa mzito katika negativu na utatoka mweupe pepe karatasini, ilhali uso hautaongezeka kitu cha maana. Ukipunguza muda kidogo, ukuta hutulia na uso hubaki na chake. Muda wa dawa, basi, ndio unaotawala weupe. Weusi ulikwisha kuamuliwa siku kamera ilipofyatuliwa.

Nilitumia dawa ya ID-11, ambayo ni ndugu wa D-76 ya Kodak, iliyoanza kutumika mnamo 1927. Fomula yake haina siri: katika lita moja ya maji hutiwa metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, hidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Metoli na hidrokwinoni ndizo ziibuazo, salfaiti huzilinda zisichakae kwa hewa, na boraksi huipa dawa ukali wa kiasi tu. Ikichanganywa na maji sawa kwa sawa, HP5 huhitaji dakika 13 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Maagizo hayo yaliandikwa na watu wa nchi baridi. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi unaweza kuyafuata bila taabu. Mombasa, maji ya bomba huweza kukaribia nyuzi 30, na katika joto hilo jelatini huvimba na kulainika, na dawa hufanya kazi kwa pupa isiyoweza kudhibitiwa.

Mzee hakuwahi kupambana na joto hilo hadi nyuzi 20. Alisema barafu ya kufikisha huko ingemfilisi. Alilenga nyuzi 24 na kuufupisha muda. Nami nilifanya vivyo hivyo: nilinunua mifuko miwili ya barafu dukani, nikaitia katika beseni, nikazisimamisha chupa za dawa humo hadi kipimajoto kikasoma 24. Kwa joto hilo dakika 13 hushuka hadi 9 na ushei. Nilipunguza tena kiasi kidogo kwa ajili ya ukuta, nikaandika kwenye karatasi: dakika 8.

Hatua pekee inayohitaji giza totoro ni kuivingirisha filamu katika kigurudumu chake na kukifungia ndani ya tangi lisilopitisha mwanga. Niliifanya usiku, dirisha limezibwa kwa blanketi, nikipapasa kama kipofu aliyeachiwa uzi na sindano. Baada ya kifuniko kukazwa, taa huwashwa na kazi huendelea mezani. Nilimimina dawa, nikalipindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza, na mara nne tena mwanzoni mwa kila dakika ili dawa iliyochoka iondoke na mbichi ishike mahali pake. Dakika 8 zilipotimia niliimwaga, nikatia dawa ya kukomesha kwa sekunde 10, kisha ya kukaza kwa dakika 5.

Halafu huja suuza, nayo mjini Mombasa ni mtihani. Vitabu vingi husema filamu iachwe chini ya bomba linalotiririka kwa nusu saa. Anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni hawezi kuyasikiliza maneno hayo. Ipo njia nyingine ambayo Ilford wenyewe huipendekeza: jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Maji matatu hutosha kuitoa dawa ya kukaza. Maji ya mwisho niliyatia tone moja la sabuni ili yasiache madoa, nikaitundika filamu bafuni kwa vibanio vya nguo, kimoja juu na kimoja chini ili isijikunje.

Ilipokauka niliipeleka dirishani. Nakiri kwamba moyo ulinidunda. Ukuta ulikuwa mzito, lakini ungeweza kuona alama za brashi ya chokaa. Buibui lilikuwa karibu kuwa tupu, kama itakiwavyo. Katikati yake uso haukuwa kioo. Ulikuwa na fedha, kidogo lakini ya kutosha: mstari wa kila kunjo la jicho, pua, midomo iliyofunguka kidogo katikati ya neno. Mzee wa Majengo alipoiona hakusifu. Alisema tu, "Huyu amekuja."

Nisieleweke kwamba nimevumbua jambo. Pwani yetu imekuwa na mabingwa wa kazi hii. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa, na Omar Said Bakor alifungua yake Lamu mnamo 1962, akajulikana kwa picha zake za kuunganisha. Kule Bamako nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka wa 1948 na kwa miaka mingi aliwapiga picha watu wa mji wake kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Nyuma ya wateja wake Keïta alitundika vitambaa vya mapambo na maua, na nyuso zilizo mbele ya vitambaa hivyo ni nyeusi na zimejaa uhai. Anayetaka kujua kama filamu inaweza kuubeba uso mweusi azitazame picha hizo kwanza, kisha aje tujadiliane.

Ninalowaomba wenzangu wa idara za Kiswahili si kwamba wote wanunue filamu na barafu. Filamu ni ghali, studio nyingi za mijini zilizokuwa zikizisafisha zilifungwa baada ya kamera za dijitali kuenea, na dawa hazipatikani kila duka. Simu inatosha, mradi aliyeishika ajue kwamba nayo ina kipima mwanga kisichojua kinachopimwa. Guseni uso kwenye kioo cha simu kabla ya kufyatua, mzime kila kinachong'arisha ngozi, mumsogeze mwenyeji dirishani au kivulini. Mfanye hivyo mwanzoni mwa mahojiano, mkiwa na utulivu, kama mnavyokijaribu kinasasauti kabla ya swali la kwanza. Tunapoteza wasimulizi kila mwaka. Wanaobaki katika tasnifu zetu wana haki ya kuwa na sauti na sura kwa pamoja.

Negativu za Bi Mkubwa nimezitia katika bahasha ya karatasi isiyo na gundi upande unaogusa filamu. Juu yake nimeandika kwa penseli jina la utenzi aliokuwa akiughani, tarehe, aina ya filamu, dawa, joto na dakika. Picha moja nimeichapisha na kumpelekea. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa karibu, akaisogeza mbali, akaiweka chini ya mto wake bila kusema neno. Kisha akaniuliza tumefikia ubeti wa ngapi.